Feni ya kompyuta inanguruma ukicheza gemu: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo na kukiondoa

Feni haingurumi bila sababu. Ndani ya prosesa mna kitambuzi cha joto, na ndani ya kadi ya grafiki mna kingine. Joto likipanda, kompyuta huongeza spidi ya feni ili hewa nyingi zaidi ipite. Gemu huzikamua prosesa na kadi ya grafiki kwa pamoja, tena kwa saa nzima bila mapumziko, na ndiyo maana kompyuta iliyokuwa kimya ukiandika barua huanza kuvuma dakika tano tu baada ya mchezo kuanza. Anayekimbilia kushusha spidi ya feni kabla hajajua joto linatoka wapi ni sawa na anayemziba mdomo mtu anayepiga yowe nyumba ikiungua.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: sikiliza, pima, punguza joto linalozalishwa, fungua njia ya joto kutoka, na mwisho kabisa ndipo upange spidi za feni. Hatua tatu za kwanza hazihitaji hata bisibisi, na kompyuta nyingi hutulia hapo hapo.

Sikiliza: ni kelele ya aina gani?

Mvumo wa hewa, kama upepo unaopita kwenye upenyo wa dirisha, unaopanda na kushuka taratibu, maana yake feni ni nzima ila imezidiwa na kazi. Hiyo ndiyo kelele ya kawaida zaidi kwenye gemu, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inaihusu.

Tak-tak-tak ya haraka inayokazana kadiri spidi inavyoongezeka ni waya unaogusa mapanga ya feni, au grili iliyobonyea. Fungua ubavu wa kasha, ufunge waya huo pembeni kwa kamba ya plastiki, kazi imekwisha.

Kukwaruza au kusaga, hasa dakika za kwanza baada ya kuwasha kompyuta ikiwa baridi, ni beringi iliyochakaa. Vumbi halihusiki, wala kusafisha hakutaiponya.

Mtetemo wa "zzzz" unaokoma ukibonyeza ubavu wa kasha kwa kiganja ni bati linaloitikia mzunguko wa feni. Skrubu imelegea mahali fulani, au feni imefungwa chuma kwa chuma bila raba.

Mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika ghafla ukigeuza kamera ndani ya gemu au ukifungua menyu, si wa feni kabisa. Hutoka kwenye koili za umeme za kadi ya grafiki au pawa saplai. Tutaufikia mwishoni.

Ukishaitambua aina, tafuta mahali. Kunja karatasi ya A4 iwe bomba, upande mmoja uweke sikioni na mwingine uuelekeze kwenye feni moja moja, ukiacha sentimita chache ili karatasi isiguse mapanga. Bomba hilo huzuia kelele za pembeni, na ndani ya dakika moja utajua kama ni feni ya nyuma, za mbele, ya prosesa, za kadi ya grafiki au ya pawa saplai. Kuhakikisha, zima kompyuta, chomoa feni moja ya kasha, washa tena usikilize. Feni ya prosesa usiichomoe kwa jaribio hili. Kusimamisha feni kwa kidole ikiwa inazunguka nako si njia: mapanga huvunjika, na vidole hukatika ngozi.

Pima kabla hujagusa kitu

Pakua HWiNFO64, programu ya kusoma vitambuzi vya kompyuta, ifungue kwa kuchagua vitambuzi peke yake, kisha cheza gemu lako zito kwa dakika 20 mfululizo. Dakika tano hazitoshi, kwa sababu chuma cha kupozea huchukua muda kujaa joto. Andika kiwango cha juu cha joto la prosesa, joto la kadi ya grafiki, joto la sehemu yake iliyo moto zaidi, ambayo programu huiita "Hot Spot", na spidi ya kila feni kwa mizunguko kwa dakika. Andika pia joto la chumba. Chumba kikipanda nyuzi 5, vipimo vya ndani navyo hupanda karibu kiasi hicho hicho, hivyo ukipima leo usiku na kesho mchana utadhani umeharibu kitu kumbe ni hali ya hewa tu.

Baada ya hapo, linganisha joto na spidi. Hapa ndipo mafundi wengi huruka, na ndipo jibu lilipo.

Joto juu na spidi juu: kompyuta inazalisha joto jingi kupita kiasi, au joto limekosa njia ya kutoka. Endelea na mwongozo kwa mfuatano.

Joto chini na spidi juu: feni imepewa amri mbovu. Kama prosesa iko nyuzi 55 na feni inazunguka kwa asilimia 100, usihangaike na vumbi. Ruka hadi sehemu ya kupanga spidi.

Spidi ndogo na kelele kubwa: feni yenyewe ni mbovu, au kuna kinachotetema. Ruka hadi sehemu ya ubovu wa feni.

Joto gani ni la juu? Kwenye kompyuta ya mezani, prosesa ikiwa kati ya nyuzi 60 na 80 wakati wa gemu, hali ni nzuri. Ni kweli prosesa za AMD Ryzen 7000 zimeundwa kuweza kufika nyuzi 95 zikibanwa kwa kazi nzito, na nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100, lakini gemu kwa kawaida halibani prosesa nzima, kwa hiyo ukiiona kwenye 90 na zaidi ukicheza tu, kuna jambo. Kadi ya grafiki hukaa vizuri kati ya 65 na 80. Tofauti kati ya joto lake la kawaida na la sehemu iliyo moto zaidi huwa nyuzi 10 hadi 15. Ikizidi 25, pesti ya kupitisha joto imekauka au hitisinki, yaani chuma cha kupozea, haikukaa sawasawa.

Angalia pia kompyuta ikiwa haifanyi kitu. Prosesa inapaswa kushuka hadi kati ya 35 na 50. Ikibaki juu, fungua Task Manager upange programu kwa matumizi ya prosesa, kisha kwa matumizi ya kadi ya grafiki. Programu usiyoitambua inayokula asilimia kubwa wakati hujafungua chochote inaweza kuwa virusi vya kuchimba sarafu za kidijitali. Baadhi hujificha punde tu ukifungua Task Manager, na dalili yake ni feni kunyamaza ghafla dirisha hilo linapotokea.

Punguza joto linalozalishwa: anza na fremu

Tukiruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu, ni huu: wekea gemu kikomo cha fremu kwa sekunde. Bila kikomo, kadi ya grafiki huchora picha nyingi kadiri nguvu zake zinavyoruhusu, hata kama skrini haiwezi kuzionyesha. Skrini ya hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi ikichora 170, picha 110 zimechorwa na kutupwa, na umeme wake wote umegeuka kuwa joto. Mbaya zaidi ni menyu. Ukurasa wa kuchagua silaha au wa kusubiri wachezaji wengine ni mwepesi mno, kwa hiyo kadi huuchora mara mamia kwa sekunde, na feni hunguruma kuliko hata ukiwa vitani.

Kikomo kipo kwenye mipangilio ya picha ya gemu nyingi, na hapo ndipo pa kuanzia. Gemu lisipokuwa nacho, watumiaji wa NVIDIA wafungue NVIDIA Control Panel, waingie "Manage 3D settings", waweke "Max Frame Rate". Papo hapo kuna "Background Application Max Frame Rate", ambayo huzuia gemu lililofichwa nyuma ya dirisha jingine. Ipe 20 au 30. Kwenye kadi za AMD, programu yao ina Radeon Chill inayofanya kazi hiyo. Weka 60 kwa skrini ya hezi 60. Kwa skrini ya hezi 144 yenye mfumo wa kulinganisha fremu, weka 140 au 141. Kwa gemu la hadithi linalochezwa polepole, 90 hutosha mtu hata kwenye skrini ya kasi. Kikomo hakitasaidia kitu kama gemu linahangaika kufika 45 na wewe umeweka 60. Hapo shusha kwanza vivuli, mwangaza wa miale na ubora wa mawingu, ambavyo hula nguvu nyingi kuliko vingine.

Hatua ya pili ni kuinyima kadi umeme kidogo. Megahezi za mwisho mwisho za kadi hupatikana kwa kupandisha volti, na matumizi ya umeme hupanda kwa kipeo cha pili cha volti. Ndiyo maana ukikata umeme kwa asilimia 20, fremu hazipungui kwa asilimia 20. Hupungua kwa kiasi kidogo sana kuliko hicho. Fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya grafiki, shusha "Power Limit" kutoka 100 hadi 90, cheza dakika 20, pima. Kisha 85, kisha 80. Simama pale fremu zinapoanza kukuuma. Hatua hii haina hatari, kwani ukirudisha 100 kila kitu kinarudi kama zamani.

Anayetaka zaidi abonyeze Ctrl na F ndani ya programu hiyo hiyo, aone mchoro wa volti na megahezi. Kwanza tazama kadi yako hufikia megahezi ngapi ukicheza, tuseme 1,850. Chukua nukta ya milivolti 900, ipandishe hadi 1,850, kisha nukta zote za kulia kwake zilaze ziwe mstari ulionyooka, ubonyeze kitufe cha kuthibitisha. Gemu likizimika ghafla au draiva ikijianzisha upya, kadi inasema volti haitoshi: shusha megahezi 30 au tumia nukta ya milivolti 925. Usiruhusu mpangilio huu ujiwashe pamoja na Windows mpaka umecheza nao siku kadhaa bila tatizo.

Kwa prosesa za AMD Ryzen, "Eco Mode" kwenye BIOS (menyu ya ubao mama unayoiingia kompyuta ikianza kuwaka) au kwenye Ryzen Master, programu ya AMD, huibana prosesa ya daraja la wati 105 iwe ya wati 65, na kwenye gemu nyingi hutaona tofauti. Kwa prosesa yoyote kwenye Windows, ingia mipangilio ya kina ya umeme, weka "Maximum processor state" iwe 99% badala ya 100%. Hiyo asilimia moja huzima kasi ya ziada ya prosesa, na joto linaweza kuporomoka kwa nyuzi nyingi. Gemu zinazotegemea sana prosesa, kama zile za kujenga miji, zitapungua kasi. Amua mwenyewe kama ukimya una thamani hiyo.

Njia ya hewa

Fanya jaribio hili kabla ya kununua feni yoyote. Toa ubavu wa kasha, cheza gemu lile lile dakika 20, soma joto. Likishuka kwa nyuzi 6 au zaidi, kasha lako halipumui: vichujio vimeziba, feni ni chache, au hewa inaingia na kutoka kombo. Lisiposhuka, kasha halina kosa. Tatizo liko kwenye hitisinki yenyewe, yaani kile chuma chenye mapezi membamba kilichokaa juu ya prosesa au ndani ya kadi. Jaribio la bure, na humwokoa mtu kununua feni tatu zisizohitajika.

Kasha likae angalau sentimita 10 kutoka ukutani, lisikae juu ya zulia, wala ndani ya sanduku la meza lililofungwa nyuma. Pawa saplai nyingi huvuta hewa kutoka chini, na zulia huziba mdomo wake kabisa.

Mwelekeo wa feni husomeka kwa macho. Upande ulio wazi ndio unaovuta hewa, na upande wenye mikono ya plastiki inayoshikilia kitovu ndio unaoitoa. Za mbele ziingize, za nyuma na za juu zitoe. Usipoamini, shika kipande chembamba cha karatasi laini mbele ya feni uone kinavutwa au kinasukumwa. Feni ya nyuma iliyofungwa kinyume ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyodhani: inaigombania hewa na feni ya prosesa, na zote mbili hupiga kelele.

Kusafisha vumbi kunahitaji bisibisi ya nyota, brashi laini, kopo la hewa au blowa ndogo ya umeme, na vijiti vya pamba.

1. Zima kompyuta, zima swichi ya pawa saplai, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki itoke.
2. Peleka kasha nje. Gusa chuma chake kisichopakwa rangi kabla ya kugusa kifaa cha ndani, ili umeme tuli uliomo mwilini mwako usipitie kwenye saketi.
3. Shikilia mapanga ya kila feni kwa kidole kabla ya kupuliza. Hewa kali huizungusha feni kupita kasi iliyotengenezewa na kuua beringi, na mota inayozungushwa kwa nguvu hugeuka jenereta inayorudisha umeme kwenye ubao mama.
4. Puliza kwa mafupi mafupi ukiwa umbali wa sentimita 15. Kopo lisimame wima. Ukiliinamisha hutoka kimiminika baridi kali kinachoweza kugandisha vifaa.
5. Kwenye hitisinki puliza kinyume cha njia ya kawaida ya hewa, ili utando wa vumbi utoke ulikoingilia badala ya kusukumwa ndani zaidi.
6. Toa vichujio, vioshe kwa maji, virudishe vikiwa vikavu kabisa.
7. Pangusa kingo za mapanga kwa brashi. Vumbi lililoganda upande mmoja huifanya feni iyumbe, na kuyumba huko ndiko kunakozaa mtetemo.

Mashine ya kufyonza vumbi isikaribie saketi, kwa sababu mdomo wake wa plastiki hujikusanyia umeme tuli. Pawa saplai ipulizwe kutoka nje tu, bila kufunguliwa.

Pesti ya joto

Kuna dalili moja inayotofautisha pesti mbovu na vumbi. Ukianzisha kazi nzito, prosesa huruka kutoka nyuzi 45 hadi 90 ndani ya sekunde mbili tatu, lakini hitisinki yenyewe ukiigusa pembeni haina joto la maana. Joto linabaki kwenye prosesa kwa sababu halivuki. Kwa kompyuta mpya iliyofungwa jana, chunguza kama karatasi ya plastiki ya kulinda uso wa hitisinki ilisahauliwa. Hutokea sana.

Kubadilisha pesti: washa kompyuta dakika 10 ili pesti ya zamani ilainike, zima, chomoa umeme. Zungusha hitisinki kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua. Kwenye soketi ya AM4 ya prosesa za AMD hili ni la lazima, kwani ukiivuta moja kwa moja prosesa huweza kung'oka pamoja nayo na kupinda miguu yake. Pangusa nyuso zote mbili kwa karatasi isiyoacha nyuzi iliyotiwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Weka tone la pesti la milimita 4 au 5 katikati, ukubwa wa punje ya dengu. Kwa prosesa pana za mstatili, kama za Intel za soketi ya LGA1700, chora alama ya X nyembamba. Shusha hitisinki wima, kaza skrubu kwa kupishana pembe, nusu mzunguko kwa kila moja mpaka zikaze zote. Ukikaza moja hadi mwisho kwanza, hitisinki huinama upande mmoja na pesti hubaki nene upande wa pili. Waya wa feni urudi kwenye soketi iliyoandikwa CPU_FAN.

Kadi ya grafiki ni jambo jingine. Ndani yake mna vipande laini vya kupitisha joto la memori vyenye unene maalumu. Ukiweka kinene kuliko cha asili kwa nusu milimita tu, hitisinki huinuka na kuacha chipu kuu bila mguso. Ikiwa bado ina waranti, usiifungue.

Feni yenyewe ni mbovu

Beringi inayosaga haina tiba ya kudumu. Kwa feni rahisi zenye stika kwenye kitovu, kubandua stika na kudondosha tone moja la mafuta ya cherehani hunyamazisha kwa muda, labda wiki, labda miezi. Mafuta ya kupuliza ya kulegezea kutu yasitumike, kwani hukauka na kuiacha beringi vibaya kuliko mwanzo.

Unapobadilisha, pima fremu ya feni. Ya milimita 120 ina matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 105 kutoka kati hadi kati; ya milimita 140 yameachana 124.5. Unene wa kawaida ni milimita 25. Kasha likikubali ya 140, ichukue: feni kubwa husogeza hewa ile ile kwa mizunguko michache, na mizunguko ndiyo kelele. Ukipunguza spidi ya feni kwa nusu, kelele hushuka takriban desibeli 15. Kutoka 1,500 hadi 1,200 tu unapata karibu desibeli 5, tofauti ambayo sikio huitambua mara moja. Funga kwa pini za raba badala ya skrubu pale zinapotoshea.

Sasa panga spidi

Angalia plagi ya feni. Yenye matundu manne huongozwa kwa mfumo wa PWM, yaani kwa mapigo ya umeme, yenye matatu huongozwa kwa kubadilisha volti, na BIOS huuita mfumo huo DC. Soketi ikiwekwa PWM huku feni ni ya matundu matatu, feni hupata volti 12 muda wote na kuzunguka kwa nguvu zote hata kompyuta ikiwa haifanyi kitu. Hili ndilo jibu la wengi waliopata "joto chini na spidi juu". Badilisha kuwa DC au Auto, hifadhi, washa upya.

Mchoro wa kuanzia wa spidi dhidi ya joto kwa feni ya prosesa: nyuzi 40 asilimia 30, nyuzi 60 asilimia 45, nyuzi 75 asilimia 65, nyuzi 85 asilimia 100. Weka ucheleweshaji wa sekunde 3 hadi 5 kabla ya spidi kubadilika. Prosesa huruka nyuzi 10 kwa kufungua tu ukurasa wa intaneti, na feni inayofuata kila mruko hupanda na kushuka mfululizo. Sikio huizoea kelele iliyotulia, hata ikiwa kubwa kidogo. Hiyo inayopanda na kushuka haizoeleki.

Kuna kosa limejificha kwenye feni za kasha. Ubao mama kwa kawaida huziongoza kwa joto la prosesa, ilhali kwenye gemu anayemwaga joto jingi ni kadi ya grafiki. Feni za kasha zinabaki polepole, kadi inapikwa na hewa yake yenyewe, na feni zake ndogo zinalia. Programu ya bure ya FanControl hukuruhusu kuzifungamanisha feni za kasha na joto la kadi. Zipe asilimia 35 kadi ikiwa nyuzi 50, na asilimia 65 ikifika 75. Za kasha zitaongezeka kidogo, za kadi zitapungua sana, na jumla ya kelele itashuka.

Mwisho wa kupanga, pandisha kila feni kwa mkono taratibu kutoka asilimia 20 hadi 100 ukisikiliza. Feni nyingi zina eneo moja, kwa mfano kati ya mizunguko 1,050 na 1,150, ambapo kasha zima linaitikia. Chora mchoro uruke eneo hilo.

Laptopu

Inua nyuma yake sentimita 2 au 3. Kitandani au juu ya mto ni marufuku, kwa sababu kitambaa huziba matundu ya chini. Meza ya feni husaidia pale tu feni zake zinapolingana na matundu hayo. Laptopu inayovuta hewa kupitia kibodi haitafaidika nayo. Chagua hali ya umeme ya wastani badala ya ile ya nguvu zote, kisha weka kikomo cha fremu. Kwenye laptopu, hayo mawili hufanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote cha kununua.

Vumbi la laptopu hukaa mahali pasipoonekana: kati ya mdomo wa feni na mapezi ya hitisinki hujijenga utando mzito kama kipande cha blanketi. Kupuliza kutoka nje huusogeza tu. Lazima ufungue mfuniko wa chini, uchomoe plagi ya betri kabla ya kugusa kingine chochote, utoe skrubu za feni ukizipanga kwenye karatasi kwa mpangilio wake, maana urefu hutofautiana na ndefu ikiingia pa fupi hutoboa ubao. Toa feni, uvue utando huo kwa koleo ndogo. Ukiondoa hitisinki ukakuta kimiminika cha rangi ya fedha badala ya pesti, acha hapo hapo. Hicho ni chuma majimaji, kinapitisha umeme, na tone moja pembeni huunguza saketi.

Kelele ambazo si za feni

Mlio wa mbu wa koili hupungua kwa kikomo cha fremu, kwa sababu koili hutetema zaidi kadri fremu zinavyokuwa nyingi. Hauharibu kadi.

Mbubujiko kwenye kompyuta inayopozwa kwa maji ni hewa ndani ya pampu. Pampu isiwe sehemu ya juu kuliko zote kwenye mfumo. Rejeta ifungwe juu ya kasha, au mbele ikiwa ukingo wake wa juu uko juu ya pampu, hewa ikusanyike huko. Pampu iachwe kwenye spidi moja isiyobadilika.

Feni ya pawa saplai ikisaga, badilisha pawa saplai nzima. Kapasita zake hubaki na chaji ya hatari hata baada ya kuchomolewa, na hakuna ukimya unaolingana na hatari hiyo. Kama ni ya aina ya waya zinazochomoka, toa na waya zake zote utumie zilizokuja na mpya, hata kama plagi zinaingiana vizuri. Mpangilio wa volti upande wa pawa saplai hutofautiana kati ya modeli na modeli, na waya wa zamani kwenye pawa saplai mpya huweza kupeleka volti 12 kwenye diski inayosubiri volti 5.